Homa kila mwezi kabla ya hedhi: ni malaria, ni kinga kushuka, ama ni nini?

#1 NyarNam, Kisumu
Hamjambo wote. Nauliza kwa dhati, na wanaume msome tu, mna wake na dada.

Kila nikikaribia siku zangu, siku mbili tatu kabla damu haijatoka, mwili unaanza kuchemka. Viungo vinauma, mgongo unakatika, baridi inaniingia hata jua la saa saba likiwaka. Koo linawasha. Nikienda duka la dawa lililo karibu nachomwa kidole, kile kijistari cha pili kinatokea, napewa dawa ya malaria. Nameza. Hedhi inakuja, baada ya siku mbili niko sawa. Mwezi ukizunguka, ni yale yale.

Dada yangu anasema hedhi hushusha kinga, basi malaria iliyojificha inapata nafasi. Mama anasema ni damu chafu inatafuta njia. Ninachotaka kujua: ni kweli kinga hushuka? Na kama ni kweli, ni kinga ya mwili mzima ama ya huko chini peke yake? Nauza omena Kibuye. Siwezi kuwa mtu wa kulala kila mwezi, wateja hawangoji.

#2 MamaPacha
Pole dada. Hauko peke yako. Mimi yangu ni mdomo. Siku chache kabla ya hedhi lazima malengelenge yatoke hapa pembeni ya mdomo, yanawasha, yanapasuka, yanakauka hedhi ikiisha. Nimezoea hadi siangalii kalenda, mdomo wenyewe ndio kalenda. Daktari aliniambia ni kirusi ambacho kimelala kwenye neva tangu utotoni na hakitoki maisha, kinangoja tu mwili uchoke. Kwa hiyo mimi niko upande wa dada yako. Kitu fulani kinashuka.

#3 Omosh_Manyatta
Nyar Nam, unalala ndani ya neti? Umemeza hiyo dawa mara ngapi mwaka huu? Usinijibu mimi, jijibu. Sisi wa kando ya ziwa tusijidanganye kwamba kila homa ni ya kitu kingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta watoto 19 kati ya 100 huku kwetu wana vimelea vya malaria, na Kenya nzima ni 6 kati ya 100. Kijistari kikionekana, mtu anaumwa malaria. Tusianze kutafuta mambo ya homoni.

#4 Muuguzi_Luanda
Omosh takwimu zako ni sawa ila hitimisho lako ndilo linalowamalizia akina mama pesa.

Kile kipimo cha haraka hakitafuti kimelea chenyewe. Kinatafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo hubaki wiki kadhaa hata baada ya malaria kuisha kabisa. Kwa hiyo ukipona mwezi huu, ukapimwa tena mwezi ujao, kijistari kinaweza kutokea na huna kimelea hata kimoja. Mtu anayepimwa kila mwezi namna hiyo anahitaji kipimo cha darubini, damu ipakwe kwenye kioo na mtu aangalie kwa macho. NyarNam, ukihisi hivyo tena, nenda mahali penye maabara uombe darubini.

Sasa swali lako lenyewe. Yai likishapevuka, mwili hutoa projesteroni kwa wingi, na homoni hiyo hupandisha joto la mwili kwa kati ya 0.3 na 0.5 sentigredi mpaka karibu na hedhi. Hilo ni la kawaida kwa kila mwanamke. Kisha projesteroni ikishuka ghafla, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinazoubana mfuko mpaka tumbo likakatika, na zikizidi huleta kuhara, kichefuchefu, mwili mzima kuuma. Prostaglandini ni za familia ile ile inayoamuru ubongo kupandisha joto wakati wa homa. Kwa hiyo unaweza kujihisi kama mtu wa malaria bila mdudu yeyote.

Kinga haishuki yote. Inapangwa upya. Nitarudi, naingia zamu.

#5 NyarNam
Asante sana sister. Joto sijawahi kupima, huwa najishika shingo tu. Neti ninayo, Omosh, ila kuna siku narudi usiku nimechoka naangukia kochi.

#6 BintiSamia, Nakuru
Mimi nataka kuongezea jambo ambalo labda litasaidia. Nimekulia Busia, na hayo anayoyasema NyarNam yalinisumbua tangu kidato cha tatu. Kila mwezi dawa ya malaria, kila mwezi. Nikaolewa Nakuru. Huku ni juu, baridi, mbu wa malaria si wa kutafuta. Na bado kila mwezi, siku mbili kabla, mwili unauma, koo linakauka, natetemeka chini ya blanketi. Hapa nikipimwa, hakuna kitu. Kama ingekuwa malaria ingebaki Busia.

#7 Omosh_Manyatta
Na Krismasi unaenda wapi? Si nyumbani Busia? Ndio hapo unaibeba unarudi nayo Nakuru.

#8 BintiSamia
Ya Krismasi naibeba Januari. Ya Agosti je, nani ananiletea? Wewe?

#9 MamaPacha
😂😂 Omosh amejibiwa. Tuendelee.

#10 MwalimuBaiolojia, Kakamega
Niruhusuni nirudi kwa yale ya mama yake NyarNam, maana hayo ya damu chafu si ya wazee wetu peke yao. Mwaka 1993 mwanasayansi Mmarekani aitwaye Margie Profet aliandika kwamba hedhi ni silaha. Hoja yake ni kwamba mbegu za kiume huingia na vijidudu vimeng'ang'ania mikiani, vikapanda hadi kwenye mfuko wa uzazi, na mwili kila mwezi huubwaga ukuta wa ndani pamoja na vijidudu hivyo, huku damu ikileta chembe nyeupe kwa wingi zimalizie kazi. Kwa maneno mengine, hedhi ni kinga inayofanya kazi, wala haimaanishi kinga imeanguka.

Na kuna ukweli ndani yake. Kabla ya hedhi chembe za kinga hujaa kwenye ule ukuta kuliko wakati mwingine wowote. Ni kidonda kikubwa cha ndani ambacho kila mwezi hufunguka na kupona bila kuacha kovu. Nikifundisha hili kidato cha tatu huwa nasimama kidogo ili lizame, kwa sababu hakuna kidonda kingine cha mtu mzima kinachopona hivyo mara mamia.

#11 Muuguzi_Luanda
Nimerudi. Mwalimu, nakuheshimu, lakini nadharia hiyo ilijibiwa, na ni vizuri wasomaji wajue. Mwaka 1996 Beverly Strassmann, aliyekaa na Wadogon wa Mali akifuatilia hedhi za wanawake wao, alionyesha matatizo yake. Moja, hakuna dalili kwamba mfuko wa uzazi una vijidudu vichache baada ya hedhi kuliko kabla. Mbili, wanawake wa pale, kwa sababu ya mimba na kunyonyesha, hupata hedhi kama 100 tu maishani, wakati mwanamke wa Marekani hupata kama 400. Kama hedhi ndiyo ulinzi, hao wengine wote wangeishi vipi miaka hiyo bila ulinzi?

Tatu, na hili ndilo ninaloliona kazini kila wiki, damu ni chakula cha bakteria. Ina chuma. Vijidudu vya kisonono vinajua kunyakua chuma kutoka kwenye damu ya mtu. Tena siku za kawaida mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito. Wakati wa hedhi ule ute unatoka na mlango unafunguka kidogo. Mwanamke mwenye kisonono ama klamidia iliyonyamaza, mara nyingi maumivu makali ya tumbo la chini huanza ndani ya wiki ya kwanza tangu hedhi ianze, kwa sababu ndipo vijidudu vinapopanda juu kwenye mirija. Matokeo yake ni wale wanaokuja baada ya miaka mitano kuuliza kwa nini hawashiki mimba.

NyarNam, bila kukuaibisha mbele ya watu: una maumivu chini ya kitovu yasiyoisha? Uchafu wenye harufu? Uchungu ukikutana na mume? Kama ndiyo, usiende duka la dawa. Nenda ukapimwe, na mume apimwe.

#12 NyarNam
Harufu hapana. Maumivu chini ndiyo, lakini ya hedhi tu. Nitaenda. Hujaniaibisha, bora niulizwe.

#13 MwalimuBaiolojia
Nakubali hoja ya chuma. Lakini Strassmann naye alikuwa na yake: aliona ni rahisi zaidi kwa mwili kuubwaga ukuta na kuujenga upya kuliko kuulisha mwezi mzima ukingoja mimba. Na wapo wanaopinga wote wawili, wakasema hedhi haina kazi yoyote yenyewe, ni matokeo tu. Mwili wa binadamu huuandaa ukuta mapema kabla kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hakijafika, ili uweze kuchuja viinitete vibovu. Ukishaandaliwa haurudi nyuma, kwa hiyo mimba isipoingia lazima utoke.

Ndiyo maana wanyama wanaopata hedhi ni wachache mno: sisi, sokwe na nyani wa huku, baadhi ya popo, sengi, yaani panya wale wenye pua ndefu, na mwaka 2016 akaongezeka panya mmoja mwenye miiba. Ng'ombe hapati. Mbwa mnayemwona akitokwa na damu, hiyo ni ya joto lake la kutaka dume, si hedhi.

#14 Omosh_Manyatta
Mwalimu, mtu ameuliza homa umemletea popo na mbwa. Lakini endelea, hii ya mbwa sikuijua.

#15 MtuWaZiwaMkwawa, Mwanza
Wakuu habari, nachungulia kutoka ng'ambo ya ziwa. Huyo muuguzi amegusa chuma, na mimi nataka tukae hapo kwanza. Dada, hedhi yako ni nzito? Maana ukivuja damu nyingi unapungukiwa damu, na ukipungukiwa utachoka, utasikia baridi, mapigo ya moyo yatakwenda mbio, na utasema ni malaria. Wengi hapa kwetu wanakimbilia vidonge vya kuongeza damu.

Sasa tahadhari. Kule Pemba walifanya utafiti mkubwa, matokeo yakatoka mwaka 2006. Watoto wadogo walipewa vidonge vya chuma na foliki asidi kila siku, na ikabidi vidonge hivyo visimamishwe kabla ya wakati kwa sababu waliopewa walilazwa na kufariki zaidi ya wenzao. Eneo lenyewe lilikuwa na malaria kali. Chuma kilikuwa kinamnufaisha na mdudu. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anayemeza vidonge vyekundu kila mwezi na kuugua malaria kila mwezi, mimi ningeanza kuangalia hapo.

#16 NyarNam
Haki ya Mungu navimeza. Hedhi yangu ni nzito, nabadilisha pedi kila saa mbili siku ya pili. Basi niviache?

#17 Muuguzi_Luanda
USIVIACHE. Bwana wa Mwanza, habari ya Pemba ni ya kweli lakini umeikata katikati. Wale walikuwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Na watafiti wenyewe walipowaangalia kwa karibu watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma, hao walinufaika. Madhara yalikuwa zaidi kwa waliopewa chuma bila kukihitaji. Ndiyo maana leo katika maeneo ya malaria chuma hutolewa pamoja na kinga ya malaria: neti, kupima, kutibu. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi hivyo akiacha chuma ataanguka sokoni.

Hedhi ya kawaida ni kama mililita 30 hadi 40 kwa siku zote. Ikizidi 80 hiyo ni nyingi. Mtu wa kubadilisha pedi iliyolowa kila baada ya saa mbili anahitaji kuangaliwa kama ana uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, na kupimwa kiwango cha damu. Hili kwangu ni kubwa kuliko hata homa.

#18 MtuWaZiwaMkwawa
Nimekuelewa sister. Nilisema aangalie, sikusema aache. Shukrani kwa sehemu ya pili ya habari.

#19 Nekesa_wa_Webuye
Ninasoma tangu juzi sijasema kitu. Naomba niwaambie ya binti yangu, kwa sababu huku magharibi ugonjwa huu uko nyumba nyingi na watu hawausemi.

Binti yangu ana selimundu, ule ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kujikunja kama mundu. Tangu avunje ungo, maumivu yake yalifuata mwezi. Kabla hatujajua, tulikuwa tunasema ni malaria, na nilikuwa namlaumu kwa kutolala kwenye neti. Yanaanzia kwenye mifupa ya miguu, hapa mbele ya goti kushuka chini. Anajikunja, anauma shuka, hataki mtu aguse hata kitanda. Joto linapanda. Kesho yake hedhi inaanza. Daktari wa kliniki ya selimundu ndiye aliyechukua daftari akachora tarehe za kulazwa na tarehe za hedhi pembeni, zikafuatana. Alisema hili linajulikana, wasichana wengi wenye selimundu hupata maumivu karibu na hedhi, na bado madaktari hawakubaliani ni kwa nini: wengine wanasema ni mwili kuvimba na kuwaka kwa ndani, wengine ni kupungukiwa maji.

Anameza dawa ya kuzuia malaria kila siku, na foliki. Alipofika kidato cha nne daktari akapendekeza sindano ya uzazi wa mpango ili hedhi ipungue. Baba yake alikataa, akasema mtoto wa shule na sindano hiyo watu watasemaje. Tulivutana nyumbani wiki nzima. Mwishoni alikwenda mwenyewe kuonana na daktari, akarudi kimya, akaniambia mpeleke. Mtoto alifanya mtihani wake ameketi.

NyarNam, ulishawahi kupimwa selimundu? Hata kama ni mtu mzima, pima.

#20 MamaPacha
Nekesa umenitoa machozi. Mwambie binti tunampenda.

#21 BintiSamia
Lakini hiyo sindano si ndiyo wanasema inaleta Ukimwi? Nilisikia kwa muda mrefu kwamba inapunguza kinga ya huko chini.

#22 Atieno_MhudumuWaAfya, Kisumu
Hapo ningependa kujibu, maana jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu. Ulikuwepo utafiti ulioitwa ECHO, ulianza 2015 na matokeo yakatoka 2019. Wanawake 7,829 kutoka Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, na kituo cha Kenya kilikuwa Kisumu hapa. Waligawanywa kwa kura: sindano ya miezi mitatu, koili ya shaba, na kijiti cha mkononi. Hawakupata tofauti kubwa ya maambukizi ya virusi vya Ukimwi kati ya makundi hayo matatu. Kilichowashtua watafiti, na mimi pia, ni kwamba maambukizi yalikuwa mengi kwa makundi yote: wanawake 397 waliambukizwa wakiwa ndani ya utafiti wenye kondomu na ushauri. Kwa hiyo mwambie mtu aogope ngono isiyo na kinga, asiogope sindano.

Wasiwasi wenyewe haukutoka hewani, BintiSamia. Wanasayansi Wira na Fahey walipendekeza kwamba kila mwezi kuna dirisha la hatari, siku 7 hadi 10 baada ya yai kupevuka. Hoja ni kwamba mbegu ya mume ni kitu kigeni, na mtoto nusu yake ni mgeni, kwa hiyo mwili hulegeza ulinzi wa njia ya uzazi ili mimba ishike. Virusi navyo hupitia hapo hapo. Kwa kima waliochunguzwa kwenye maabara, maambukizi yalitokea zaidi nusu ya pili ya mzunguko. Kwa wanawake hai kulithibitisha ni kugumu, huwezi kumpima mtu kila siku.

Kwa hiyo NyarNam, kwa lile swali lako, kama kuna kushuka basi ni kwa huko chini zaidi. Homa ya koo na mifupa siwezi kuieleza kwa dirisha hilo.

#23 MamaPacha
Na mdomo wangu je? Mdomo si huko chini.

#24 Muuguzi_Luanda
Mdomo wako, MamaPacha, unatuharibia hesabu sote 😀 Homoni hizi zinasafiri kwenye damu yote, na chembe za kinga zina vipokezi vyake. Pumu pia huzidi kabla ya hedhi kwa wanawake wengi, na mapafu hayako karibu na kizazi. Fangasi nao hupenda wiki ile ya mwisho kabla ya hedhi. Sitakuambia ni njia moja. Lakini "kinga imeshuka" ni maneno mafupi mno. Wakati wa hedhi alama za mwili kuwaka ukijipigania hupanda kwenye damu, ina maana jeshi limeamka, halijalala.

#25 MwalimuBaiolojia
Na kwenye uke wenyewe mambo hubadilika siku hizo. Siku za kawaida kuna bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuweka uchachu wa kati ya 3.8 na 4.5 (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi). Damu ni 7.4. Damu ikimiminika uchachu unapungua, laktobasili wanapungua, na wale wa harufu wanapata nafasi. Hedhi ikiisha, wazuri hurudi wenyewe. Ndiyo maana nawaomba akina dada wasijisafishe ndani kwa sabuni, ndimu wala dettol. Unamfukuza mlinzi ukidhani unamfukuza mwizi.

#26 Akinyi_Yala
Mwalimu hapo umegusa kazi yangu. Nafundisha shule ya msingi Siaya. Huku kwetu kulifanywa tafiti za vikombe vya hedhi kwa wasichana wa shule. Ule wa kwanza, wa 2012 na 2013, waliopewa vikombe ama pedi walionekana na magonjwa ya zinaa machache kuliko ambao hawakupewa kitu, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba msichana asiye na pedi humtafuta mwenye pesa ya pedi. Baadaye wakafuatilia wasichana 436 kwa miezi 30, na waliokuwa na vikombe walipata ule uchafu wa harufu kidogo kuliko wenzao, na bakteria wazuri walibaki zaidi.

Ushuru wa pedi Kenya uliondolewa 2004, na sheria ya 2017 inasema kila msichana wa shule apewe pedi bure. Kwenye karatasi ni nzuri. Darasani kwangu nimeona msichana amekatakata godoro. Anatoa kipande cha sponji, anakiosha jioni, anakificha chini ya kitanda kwa aibu, kinabaki kibichi hadi asubuhi, anakirudisha hivyo hivyo. Jua liko nje linawaka bure. Tukiongea habari ya kinga na homoni tusimsahau huyo, maana kwake ugonjwa hautoki kwenye projesteroni.

#27 DaniWaAsembo
Wajukuu, nawasalimu. Sisi tuliambiwa msichana akiwa kwenye mwezi asiingie shamba la njugu, zitakauka. Wala asichume mboga. Nimefuata hivyo na sijui kama njugu zilijua.

#28 MwalimuBaiolojia
Shikamoo dani. Wala wazee wetu hawakuwa peke yao. Mwaka 1920 huko Vienna, daktari Béla Schick, huyo huyo aliyetengeneza kipimo cha dondakoo, aliandika kwamba maua yalinyauka baada ya kushikwa na kijakazi aliyekuwa kwenye hedhi. Akadai kuna sumu ndani ya damu ya hedhi. Watu wakaitafuta sumu hiyo miaka mingi na haikuthibitika.

#29 DaniWaAsembo
Marahaba. Kumbe hata daktari aliogopa. Basi mimi wangu sasa wanachuma mboga.

#30 FundiBomba, Ahero
Mimi ni mume wa mtu, nimesoma yote. Mke wangu ni kama NyarNam kabisa. Nifanye nini siku hizo? Nisiambiwe ninunue chokoleti.

#31 MamaPacha
Nunua kipima joto. Halafu pika.

#32 Muuguzi_Luanda
MamaPacha amesema vizuri. Apime joto akijihisi hivyo, andike tarehe na namba. Likifika 38, hiyo si projesteroni, ni ya kupelekwa maabara siku hiyo hiyo, msingoje hedhi ije. Likiwa chini, anaweza kujaribu ibuprofeni akiwa amekula, ambayo huzuia zile prostaglandini, ila si kama ana vidonda vya tumbo, pumu ama shida ya figo.

#33 NyarNam
Nimerudi wapendwa. Wiki hii iliponianza nilipima joto: 37.4. Nikaenda nikaomba darubini kama sister alivyosema. Hakuna kimelea. Kile cha kidole wakakifanya pia, kikaonyesha kijistari! Mtu wa maabara mwenyewe alitikisa kichwa. Damu yangu iko chini, nimepangiwa kupigwa picha ya tumbo kwa ajili ya uvimbe. Selimundu majibu bado. Kisonono na klamidia hakuna. Lakini koo langu bado linawasha, na hilo hakuna aliyenieleza.

#34 Omosh_Manyatta
Nyar Nam, nafurahi sana. Ila neti usiiache kwa sababu mwezi huu hakukuwa na mdudu. Masika yakianza huku Kano mbu hawaulizi tarehe yako ya hedhi.

#35 BintiSamia
Koo hata mimi. Tuko wawili sasa. Kuna mwingine?

#36 Chebet_Molo
Watatu. Mimi nilidhani ni baridi ya Molo.

#37 Atieno_MhudumuWaAfya
Akinyi, nirudi kwako kidogo. Vikombe vinachemshwa wapi nyumbani kwa hao wasichana? Kwangu mtaani mama mkwe mmoja alikuta kikombe kinachemka kwenye sufuria ya uji, kukawa na vita.

#38 Akinyi_Yala
Tuliona hilo mapema. Kinachemshwa dakika tano hedhi ikiisha na kabla ya nyingine kuanza, lakini kwa kopo lake. Kopo tupu la maziwa ya unga linatosha, unalitoboa shimo pembeni karibu na mdomo, unafunga waya uwe mpini. Wasichana wangu wamelipaka rangi ya kucha ili mtu asilichanganye. Ukitaka nikuletee moja nikija Kisumu Jumamosi, niambie.